Simu ya Mama Josée

Mara ya kwanza Abigaël Kabedi kumwona Guelord, kijana huyo alikuwa amesimama juu ya kreti ya bia mbele ya soko kubwa la Kolwezi, akiupaka upinzani matope kwa Kifaransa cha chuo na kuwabembeleza watu kwa Kiswahili cha mtaani.

Pale kwenye kona ya muuza magazeti ndipo linapokutana bunge la kusimama. Hakuna kiti, hakuna posho, na kila mtu ni waziri wa fedha. Wachimbaji wenye vumbi hadi kwenye kope, walimu wanaosubiri mishahara, wastaafu wa mgodi wenye kofia za zamani, wote hukusanyika asubuhi kusoma vichwa vya habari bila kununua gazeti. Mwaka ule serikali ilikuwa imefunga kobalti isitoke nje ya nchi, na hoja ilikuwa moja tu: faranga imeanguka, nani ameiangusha?

"Franka yetu iko nguvu!" Guelord alipaza sauti. Alivaa shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi, suruali ya buluu, viatu vya ncha na kofia ya chama tawala. "Vita iko ku Est, mashariki ya inchi, bei ya kobalti imeanguka mu dunia yote, na bado franka inasimama! Mutu mwenye kupenda inchi yake atumikishe franka!"

"Na mukate, tata?" mtu akamrukia. "Juzi ilikuwa bei ingine, leo ingine! Mukate nayo iko mu opposition?"

Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Guelord naye alicheka, maana alikuwa na kipaji hicho, cha kucheka akipigwa na kurudisha akiwa bado anacheka. Akasema hili na lile juu ya barabara mpya, akashuka, umati ukatawanyika. Kisha akazunguka nyuma ya miavuli ya makambisti, wabadilishaji pesa wa soko, akavua kofia ya chama, akaisokomeza mfukoni, na kuinama kwenye meza ya mwisho kabisa. Meza hiyo ilikuwa ya Abigaël.

"Mama," alinong'ona, "dola iko?"

Abigaël alimtazama kuanzia viatu hadi paji la uso. Siku hiyo alikuwa amevaa kikwembe cha kijani chenye maua ya njano, na nywele amezisuka mistari hadi kisogoni. Mbele yake mafurushi ya faranga yamefungwa kwa mipira, yamepangwa kama matofali.

"Dola ya nini, tata? Si franka iko nguvu?"

Guelord aliangalia nyuma. "Ulinisikia?"

"Ata batu ba kule Kingamyambo balikusikia."

"Sasa, mama, franka ni ya kusema, dola ni ya kulipa nyumba. Mwenye nyumba yangu hapendake inchi hata kidogo."

Abigaël alicheka kwa sauti, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Mwanamke akishacheka na mwanamume kwa namna ile, nusu ya safari imekwisha.

"Hautaambia batu?"

"Kambisti haambiake batu. Tungekuwa tunasema nani anabadirishaka nini hapa, huu muji ungeshaungua."

Huo haukuwa mzaha. Ilikuwa sheria ya safu nzima ya meza zile, na aliyemfundisha ni Mama Josée, mjane mnene mwenye sauti ya chini, mkubwa wa wanawake wote wa pale. Mama yake Abigaël alipofariki, Mama Josée ndiye aliyemshika mkono, akampa meza, mwavuli na mtaji wa kuanzia. Alimwambia neno moja: mteja aje na gunia au na noti moja iliyochanika, wewe ona, hesabu, nyamaza.

Guelord alirudi kesho yake bila hata noti ya kubadilisha. Akarudi tena. Kisha zikaanza simu.

"Allô, Banque Centrale?"

"Banque imefungwa."

"Imefungwa kwa batu bote?"

"Kwa babongo, batu ba uongo."

"Basi mi nitaingia. Mi nikokaka mubongo mbele ya soko, lakini kwako niko mukristo. Unavaa nini leo?"

"Ya kazi gani na wewe?"

"Nataka kujua kama nivae suti ao nivae miwani ya jua. Ukivaa ile ya kijani, macho yangu inaumaka."

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Wanawake wa meza walianza kumwita Abigaël "Madame la Ministre," naye alijifanya kukasirika na kujipaka mafuta ya uso kabla Guelord hajatokea. Siku za Jumapili, baada ya ibada, Guelord alimpakia kwenye pikipiki hadi Kapata, kwenye zile nyumba za kampuni zilizopangwa mistari, alikokaa Abigaël na baba yake, Tata Kalenga.

Na Tata Kalenga alikuwa mpinzani wa kutoka tumboni mwa mama. Alifanya kazi mgodini maisha yake yote, na sasa pensheni yake ilikuja kwa faranga, ikifika imekonda. Jumatatu na Ijumaa jioni hukuweza kumsemesha: alikuwa amebandika redio sikioni, akimsikiliza Josias, msemaji wa upinzani, akimchana msemaji wa chama tawala, ambaye sasa alikuwa huyu huyu Guelord.

"Kijana," mzee alimwambia wakiwa wamezunguka sahani ya ugali wa bukari na mboga ya sombe, "pension yangu ya mwezi mumoja, mbele ilikuwa inaleta mufuko ya bunga, mafuta na nyama. Sasa inaleta nini?"

"Tata, uchumi inapanda. Angalia camions ya shaba ku barabara."

"Ninaonaka. Camions inapita, mavumbi inabakia. Dola yetu inaendaka na ile camion, si?"

"Ni vita, tata. Vita inakula makuta, pesa yote ya inchi."

"Na bakubwa bale banene ba Kinshasa, nabo banakulaka nini? Risasi?"

Guelord alicheka, akamwongezea mzee mboga, akamwita "président wangu." Alipoondoka, Tata Kalenga alimwambia binti yake, "Eko mubongo, lakini ana heshima." Kwa mzee yule hiyo ilikuwa sifa kubwa. Siku ya wazee kukutana ikapangwa, Jumapili ya mwisho wa mwezi, familia ya Guelord ije Kapata na mahari.

Sasa nitasema jinsi Abigaël alivyomwaga mtama penye kuku wengi. Asubuhi moja Guelord alikuja mapema Kapata, mlangoni kwa Tata Kalenga, kumpeleka kazini. Abigaël alikuwa bado anafunga kitambaa kichwani, simu ikalia.

"Abi," ilisema sauti ya chini ya Mama Josée, "dola imepanda kidogo. Usiuzishe kama jana. Ambia Yolande."

Abigaël akampigia Yolande wa meza ya jirani, akarudia maneno yale yale. Guelord alikuwa ameegemea pikipiki, anatabasamu.

"Nani anapigaka asubui asubui?"

Hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza kazi yake inavyokwenda. Baba yake aliuliza kama amekula. Wengine waliuliza kama ana pesa ya kuwakopesha. Huyu aliuliza na kusubiri jibu, macho yamemtulia usoni, na Abigaël akajisikia mtu wa maana. Akamweleza yote. Kila asubuhi ndugu ya Mama Josée anapiga simu kutoka mpakani Kasumbalesa, anasema dola imeamkaje. Mama Josée anampigia wa pili, wa pili wa tatu, hadi meza ya mwisho, ili asitokee mmoja wa kuuza kwa hasara peke yake wakati wenzake wanajua.

"Muko na gouvernement yenu!" Guelord alisema kwa mshangao.

"Tena yetu inatumika," Abigaël alijibu, akapanda nyuma yake na kumkumbatia kiuno. Alikuwa na furaha asubuhi ile. Ndiyo maana baadaye ilimuuma hivyo.

Jumatatu ya wiki ya mwisho wa mwezi faranga ilianguka tena. Muuza magazeti alifungua redio yake kwa sauti yote, watu wa bunge la kusimama wakajazana, na hata wanawake wa meza wakanyamaza kusikiliza. Redioni Josias alikuwa moto.

"Gouvernement inasema uchumi inapanda! Muulize mama mwenye kuuzisha samaki! Guelord, ambia baraia leo: nani anaua franka? Usikimbie! Nani?"

Zamu ikawa ya Guelord. Abigaël alimjua, alijua sasa anatabasamu, anatafuta pa kurukia.

"Nitakuambia," Guelord akasema. "Si gouvernement. Ni mafia. Iko hapa hapa Kolwezi, ku soko. Kila asubui, mbele jua haijapanda, kuko mama mumoja mukubwa wa bakambisti anapigia bengine simu. Njo fasi banapanga bei ya dola! Bananyonga franka na telefone! Na mi sibahatishe, Josias. Niko na habari ya mutu wa ndani kabisa."

Watu wakapiga makofi. Wengine waligeuka kutazama miavuli.

Abigaël aliyatambua maneno yake mwenyewe. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyemwangalia. Yolande alifunga mpira kwenye furushi lake, akalifungua, akalifunga tena. Mama Josée alinyanyuka taratibu, akaukunja mwavuli wake, akasema, "Leo tufunge mapema, bamama," na akapita mbele ya meza ya Abigaël bila kusimama.

Kesho yake askari walishuka kwenye gari kabla ya adhuhuri. Meza zilipinduliwa, miavuli ikavunjwa, noti zikapeperuka na watu wakazigombania vumbini. "Mama ya simu eko wapi?" walikuwa wakiuliza. Mama Josée hakusubiri wenzake wapigwe. Alisema, "Ni mi," wakamkamata mkono na kumsukuma garini, naye alikuwa mtu mzito, akaanguka na kugonga mguu kwenye chuma. Kibegi chake cha dola kiliondoka na gari ile ile, na hadi leo hakijarudi.

Abigaël alimpigia Guelord. Ikaita, ikaita.

"Niko mu réunion, chérie," alijibu hatimaye kwa haraka. "Nitakupigia."

Hakupiga. Abigaël akaenda kumtafuta. Alikwenda kwenye jengo la redio, mlinzi akamwelekeza kwenye nganda ya nyuma, baa ya wazi chini ya turubai, ambako nyama ya mbuzi ilikuwa ikichomwa na muziki umefunguliwa. Guelord alikuwa pale, amekunja mikono ya shati. Mbele yake chupa mbili za bia na sahani moja ya michopo, nyama ile ya kuchoma. Na aliyekuwa akila naye kwenye sahani ile, kidole kwa kidole, alikuwa bwana mwenye kitambi na suti ya kijivu. Abigaël aliitambua sauti kabla ya uso.

"Ah, njo madame mwenyewe!" Josias alisema, akifuta mafuta mdomoni. "Mama, bwana yako ana kinywa! Jana aliniua mbele ya baraia. Nilibakia tu namuangalia."

"Chérie, kaa," Guelord alisema, akivuta kiti. "Bamuletee Fanta."

Abigaël hakukaa. "Mama Josée eko mu cachot, bamemufunga."

"Nani?"

"Mama Josée."

Guelord aliweka kipande cha nyama chini. "Sikusema jina ya mutu."

"Hukusema jina. Ulisema simu. Ile simu nilikuambia mi, ku mulango ya tata yangu."

"Bébé, sikia." Akamshika kiganja. "Ile ni politique. Radio ni radio, nyumba ni nyumba. Ona, mi na huyu tunatukanana kila semaine, kila wiki, kisha tunakula pamoja. Ni kazi. Hakuna mutu anakasirika."

"Bamama bamevunjiwa meza."

"Itapita. Franka ikikamata nguvu, batasahau."

Abigaël alimgeukia Josias. "Na wewe, tata? Baba yangu anakusikilizaka lundi na vendredi. Anasemaka, huyu njo anatutetea. Ulisikia bile alisema juu ya bamama, na haukujibu kitu."

"Ninabateteaka, mama," Josias alisema kwa upole, tena kwa upole wa kweli, hilo ndilo lililoudhi. "Lakini wakati ilikuwa imeisha. Émission ni nusu saa."

Wahenga walisema tembo wakipigana nyasi ndizo huumia. Hawakutuambia juu ya tembo wanaojifanya kupigana, kisha jioni wakanywa mtoni pamoja. Abigaël aliutoa mkono wake kwenye kiganja cha mchumba wake na kutoka juani. Alilia njiani, wazi, bila kujificha, na watu wa pikipiki walipunguza mwendo kumtazama.

Asubuhi iliyofuata simu haikulia.

Aliishika mkononi wakati ananawa uso. Aliiweka mezani wakati wa chai. Akajiambia Mama Josée yuko kizuizini, nani atapiga? Lakini alipofika sokoni aliwakuta wenzake wameshafunua meza zilizobaki, na wote walikuwa na bei moja midomoni. Yeye tu hakuijua. Akauza kwa bei ya jana. Mfanyabiashara mmoja wa Dilolo alinunua dola zake zote kwa haraka ya mtu aliyeokota, akaondoka akipiga mluzi. Yolande aliona kila kitu. Aligeuza uso pembeni, machozi yakimlenga, lakini hakufungua kinywa. Kambisti bila simu ya asubuhi ni kipofu sokoni, na hawakuhitaji kumfukuza, kwa sababu mtaji wake ungekwisha wenyewe.

Jioni ile Mama Josée aliachiliwa. Abigaël alimkuta nyumbani kwake Dilala, mguu umevimba, ameutumbukiza kwenye beseni la maji ya chumvi.

Alipiga magoti mlangoni. "Mama, ni mi nilisema."

"Nilijua."

"Niko naomba samahani."

"Ulisema kwa nani?"

"Kwa mutu nilikuwa namupenda. Na ningali namupenda, mama. Njo mubaya yote."

Mama Josée aliukanda mguu wake. "Kupenda haina zambi," akasema mwishowe. "Mi nilipendaka mulevi miaka yote ya ujana yangu. Lakini batu banapita hapa na banasema, ule njo mama ya mafia. Bana yangu banasikia ile ku masomo. Mi sitake makuta yake, sitake pole yake ya ku mulango. Kinywa ile ilituchafua, isafishe, ku ile ile radio. Kisha nitakuja Kapata dimanche, nikae fasi ya mama yako."

Abigaël alimpigia Guelord akiwa bado barabarani. Safari hii alipokea mara moja.

"Banque Centrale yangu..."

"Usiniite vile. Vendredi unaingia mu radio?"

"Ninaingia."

"Sema ulikosa. Sema ile simu haipange bei, inaletaka tu habari. Ile tu."

Alivuta pumzi. "Chérie, hii semaine chama inanitazama. Banataka kunitia mu cabinet ya maire, mukubwa wa muji, nikuwe mushauri. Unajua ile ni nini? Mushahara. Nyumba. Yetu shiye bawili."

"Na mi banataka kunitia fasi gani?"

Kisha sauti yake ikabadilika, ikawa ile ya nyuma ya miavuli, ya chini na yenye aibu kidogo. "Uko na haki. Nilifanya mubaya. Nilikuwa nabanwa, Abi, nikashika kitu ya karibu, na kitu ya karibu ilikuwa wewe. Vendredi nitasema. Nitaomba Josias aniulize mwenyewe, ili nijibu. Kama Mungu anaishi."

"Apa."

"Ninaapa."

Abigaël alimwamini. Alimwamini kwa sababu alitaka kumwamini, na usiku ule alilala usingizi wa kwanza tangu Jumatatu.

Ijumaa alikaa barazani Kapata na baba yake, redio katikati yao juu ya kigoda. Mzee alikuwa ameshaambiwa habari ya sahani moja ya michopo. Redio hakuibandika tena sikioni. Mjadala ulipita kwenye bei ya mafuta, ukapita kwenye kobalti. Kisha Josias akakohoa.

"Guelord, lundi ulisema ni bamama kambisti njo banaua franka. Mumoja alikamatwa. Leo, mbele ya baraia, unasimamia ile maneno, ao ulikosa?"

Basi alikuwa ameomba kweli aulizwe. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, ilibaki kupita. Abigaël alishika ukingo wa kigoda. Redioni ilisikika karatasi ikigeuzwa, na mtu mwingine, mbali na maikrofoni, akisafisha koo.

"Nasimamia yote nilisema," Guelord akajibu. "Na tutaendelea kubafuata, mupaka mwisho."

Tata Kalenga alinyoosha mkono, akaizima redio. Simu ya Abigaël ililia baada ya muda si mrefu.

"Chérie, mukubwa wa chama alikuwa ndani ya studio! Alikuja bila kuniambia, alikaa mbele yangu. Ningefanya nini? Kisha ya ndoa nitasema, bakimaliza kunipa ile kazi, nitasema yote. Abi? Dimanche bado iko, si? Mama yangu ameshashona kikwembe. Yomba Philippe ametoka Likasi juu ya ile tu. Tukuye?"

"Mukuye," Abigaël alisema, akakata.

Guelord alilichukua neno lile kuwa ni msamaha. Alikuwa bingwa wa kusema, na kusikiliza hakuwahi kujifunza.

Walikuja Jumapili na magari mawili. Guelord katika suti ya rangi ya majivu na tai nyekundu, mama yake katika kikwembe kipya kinachong'aa, na Yomba Philippe, mjomba, mbele yao, kwani yeye ndiye aliyekuja kusema kwa niaba ya familia. Viti vya plastiki vilipangwa kwa pande mbili uani. Sahani ya mahari ilifunikwa kitambaa cheupe mezani. Upande wa Tata Kalenga kiti cha mama kilikuwa kitupu, na Abigaël, aliyevaa kikwembe cha zambarau na skafu ya mama yake marehemu, alikuwa akikitazama kuliko alivyomtazama mchumba.

Wageni walipokuwa wanamaliza salamu, lango likasukumwa. Mama Josée, ambaye sharti lake la redioni halikutimizwa lakini hakutaka kile kiti kibaki kitupu, aliingia akichechemea, mguu umefungwa bendeji, akawaamkia wote upande huu na upande ule, akakaa kwenye kile kiti. Guelord aliinamisha kichwa. Yomba Philippe, asiyejua lolote, alimsifu kwa kujitokeza na maumivu yale.

Katika ndoa za huko kwao, baba hagusi sahani kabla ya kumuuliza binti. Huulizwa mbele ya watu wote, mara tatu, ili kesho asije akasema alisukumwa. Tata Kalenga akasimama.

"Abigaël, mutoto yangu. Bale bageni bamekuja. Unabajua?"

Abigaël alisimama.

"Yule mama namujua," alisema. "Ni mama muzuri. Nilikulaka kwake."

Vigelegele vikapigwa upande wa wageni.

"Na tata Philippe?"

"Namujua, tata."

"Na huyu kijana? Tupokee sahani yake?"

Guelord aliinua uso na kumtabasamia, tabasamu lile lile la juu ya kreti, na moyo wa Abigaël, mjinga yule, ukamrukia kama siku zote. Alimpenda. Angependa kusema uongo mmoja tu, mdogo, na kwenda kuishi ndani yake.

"Huyu simujui, tata," akasema. "Nilimusikiaka tu ku radio."

Jikoni sufuria ilisikika ikichemka. Mama Guelord alishika mdomo. Yomba Philippe akacheka kidogo, akasema, "Mutoto anatucheza, bibi arusi bote banafanyaka vile." Tata Kalenga hakucheka. Aliuliza mara ya pili, kama desturi inavyotaka, na akajibiwa vile vile. Aliuliza ya tatu kwa sauti iliyopasuka, na Abigaël akajibu akilia. Mzee akaisukuma sahani kurudi upande wa pili wa meza, na kitambaa chake juu.

"Chakula iko tayari," aliwaambia wageni kwa adabu. "Mutakula mbele ya kurudi. Si ninyi mulikosa."

Walikula, kwa kuwa kukataa chakula kungekuwa tusi la pili. Guelord hakula. Alimfuata Abigaël hadi kwenye kona ya nyumba, tai imelegea, macho mekundu.

"Abi, unaniacha juu ya maneno?"

"Maneno ni kazi yako, Guelord. Mi nilizania ile ulikuwa unaniambia mi haikukuwa ya kazi."

Guelord aliivua tai, akaisokomeza mfukoni kama ile kofia. Mama yake akamwita kutoka garini, akaita tena, naye akaenda.

Abigaël aliingia jikoni, akajitupa kwenye kigoda na kulia kwa sauti. Mama Josée alikuwa ameegemea ukuta kwa sababu ya mguu, anaosha sahani za wageni. Hakusema amemsamehe. Hakusema chochote juu ya meza wala juu ya kesho. Alimwacha alie mpaka akachoka, kisha akamsogezea kitambaa kikavu.

"Panguza hii," akasema. "Mi siwezi kusimama sana."

Abigaël akafuta uso kwa kiganja, akachukua sahani ya kwanza.